Firigisi ya Baba Mkwe

Vijana wangu wa jikoni,

Siku mliyoniaga mlinipa kiti cha kekele, zile fito za msituni, kimesukwa vizuri, kina mikono. Asanteni sana. Lakini mtu aliyesimama mbele ya moto tangu ujana wake, ukimpa kiti hajui afanye nini na magoti yake. Nimekiweka barazani, na kwa kuwa sina tena sufuria ya kuchunga, nimeamua kuandika. Yule aliyepokea mwiko wangu aliniomba nimwachie siri za kazi. Siri hakuna. Kisu kiwe kikali, chumvi isitangulie, na usimwamini haraka mtu anayesema hana njaa. Hayo mengine nitayaeleza kama yalivyonijia, na mengi yalinijia katika miaka ya hamsini, wakati mji huu uliandikwa Stanleyville kwenye vibao na sisi majumbani tuliuita Kisangani kama kawaida.

Nilianza kazi katika nyumba ya mzungu mmoja wa mambo ya pamba, upande wa mto. Siku ya kwanza nilifika nimepaka viatu rangi, shati limenyooka, nikidhani mpishi ni mtu wa kupokelewa mlangoni. Aliyenipokea alikuwa mpishi mkuu, Papa Saidi, mzee wa zile familia za Waislamu waliokuwa hapa mjini kabla ya babu zetu kufika. Alikuwa na kofia nyeupe ambayo sikuwahi kuiona na doa, na katika jiko la kuni hilo ni jambo la kushangaza. Hakunitazama usoni.

"Onyesha mikono," akasema.

Nikaonyesha.

"Hii iko mikono ya kuandika. Si kitu. Tutaitengeneza."

Akanisogezea gunia la vitunguu. Nililia mpaka jioni, na viatu vyangu nilivivua mwenyewe.

Papa Saidi alipika nyama ya nguruwe na mchuzi wa mvinyo kila wiki, na hakuonja hata tone. Dini yake haikumruhusu, na madame, mke wa yule mzungu, hakujua kwamba sahani anazozisifu mbele ya wageni hazikupita mdomoni mwa mtu. Alipika kwa pua na kwa sikio. "Weka sikio," alikuwa ananiambia, na ananiinamisha kichwa juu ya sufuria kama mtu anayemnywesha mbuzi. "Mafuta ikiimba, iko tayari. Ikilia, umechelewa." Mpaka leo nasikia kitunguu kinapogeuka kabla sijakiona, na nyinyi mlidhani nasinzia.

Jiko lenyewe lilikuwa la chuma, na mlango wake haukufunga bila teke. Kipimo cha joto hakikuwepo. Papa Saidi aliingiza mkono kwenye tanuri akaanza kusoma Alhamdu; akiweza kufika mwisho, moto ni wa keki; akilazimika kuutoa katikati, ni wa mkate. Mimi Mkatoliki nilijifunza na Salamu Maria. Keki zetu zilitoka sawasawa, na hatukuwahi kugombana kuhusu hilo.

Alinifundisha vizuri, na hapa ndipo matatizo yangu yalipoanzia. Alinifundisha kwamba majani hutolewa majini yangali ya kijani, maana mzungu hula kwa macho kwanza. Alinifundisha kwamba kitu cha kuponda hulainishwa kwa maziwa na siagi mpaka kiteleze. Na kuku, alinifundisha kutupa kichwa na miguu, halafu kukatakata ini na firigisi vidogo sana na kuvizamisha ndani ya mchuzi. Madame hakupenda kukumbushwa kwamba kuku alikuwa na tumbo. Nilifanya hivyo mara nyingi mpaka mikono yangu ikawa haiulizi tena kichwa.

Nyumbani sikugusa sufuria. Nilikuwa nimemwoa Veronika, binti wa mkulima wa kwenye njia ya Bafwasende, tukaishi upande wa Kabondo, chumba na baraza. Mwanaume aliyepika nyumbani kwake wakati mke yupo alichekwa bombani kwa muda mrefu, hata kama mchana kutwa alikuwa amepikia watu wengine. Nilipika kwa mkate wangu, nikirudi napikiwa. Sikuona ajabu yoyote, na Veronika naye hakuiona.

Kisha tulipata mtoto, msichana, na hakukaa. Nitaandika hivyo tu. Baada ya maziko Veronika aliacha kula. Si kwa ukaidi, chakula kilimkataa. Nikirudi kazini, harufu ya siagi kwenye shati langu ilimfanya ageukie ukuta. Mama Fatuma, mke wa Papa Saidi, alileta uji na kurudi na bakuli limejaa. Mke wangu alisema neno moja tu, "sina njala," na kila siku alizidi kuwa mwepesi ndani ya kitambaa chake. Niliogopa. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, na kazini nilikuwa nikikoroga mayai kwa ajili ya watu wanaoyaacha nusu.

Maneno yana miguu. Dereva mmoja wa lori aliyapeleka mpaka kwa baba yake Veronika, na akarudi na jibu: mzee atafika Jumapili, na Jumatatu asubuhi lori likirudi, nafasi iliyowekwa mbele ni ya watu wawili. Huko kwao waliambiwa kwamba mkwe wao anawashibisha Wazungu na mke wake anakauka nyumbani. Na mtu akija kumchukua binti yake kwa sababu kama hiyo, utajibu nini? Utaonyesha kofia yako nyeupe ya mpishi?

Nikaamua kwamba bokilo wangu, baba mkwe, maana wakwe huitana hivyo pande zote mbili, hatafika kwenye nyumba baridi. Atakula, na nitampikia mimi mwenyewe. Mama Fatuma alisema atapika yeye, nikakataa. Alinitazama kwa huruma. "Weye iko mupishi ya Bazungu," akasema. "Si kazi moja." Lakini aliniazima kinu chake.

Kesho yake, tunamenya viazi, nikamuuliza mwalimu wangu.

"Papa Saidi, sombe inapikwa namna gani?"

Kisu chake kikasimama. "Sombe?"

"Ile ya nyumbani. Na lituma."

Akamenya kiazi kizima kabla ya kujibu. "Miye? Bibi yangu Fatuma ananikatazaka hata kugusa mwiko. Anasema nitaweka siagi."

Tukatazamana. Tulikuwa wapishi wawili waliosifiwa mjini kote, na hakuna aliyejua kupika chakula alicholelewa nacho. Tukacheka kidogo, kisha tukaacha, maana Jumapili ilikuwa inakuja.

Nilifanya majaribio ya kwanza jioni ile, mara tu nilipotoka kazini. Niliwasha moto kwenye mafiga nje ya mlango, majirani wakajipanga bila kuitwa. Veronika alikuwa amelala nyuma ya pazia. Nikachukua majani ya muhogo, nikayatupa kwenye maji yanayochemka, nikayatoa upesi yangali yanang'aa, nikaanza kutwanga.

"Anselme," sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Uko naua nyoka?"

Nikamwambia natwanga sombe. Nikampelekea aone. Alijiinua kwa kiwiko, akaangalia ndani ya sufuria.

"Mbona iko kijani hivi? Uliitokosa wakati gani?"

"Kidogo tu. Ili rangi isipotee."

"Rangi?" akasema. "Sombe iko kitambaa?"

Na akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kidogo, kimeota kutu, na kiliishia kwenye kikohozi. Lakini sikuwa nimekisikia tangu tulipotoka makaburini. Nilikaa chini palepale na sufuria mapajani. Kisha akaniambia nimwage vyote, maana sombe isiyoiva inatesa tumbo na inaweza hata kuua, na akanieleza: itokoswe mpaka ikate tamaa, ndipo itwangwe, halafu irudi motoni na mawese na kitunguu mpaka mafuta yapande juu yenyewe. Nilimwaga. Mbuzi wa jirani alinusa, akaenda zake.

Jioni iliyofuata nilijaribu lituma. Nyinyi mmezaliwa nayo, lakini andikeni mkumbuke kwamba mtu anaweza kuila maisha yake yote na asijue inavyotengenezwa. Nilichemsha makemba, yale mandizi ya kupika, nikayaacha yapoe ili yasiniunguze vidole, nikayatwanga, yakagoma, yakawa mabonge. Basi nikafanya nilivyofundishwa. Nilifungua kopo la maziwa. Nikalainisha mpaka ikateleza. Nikapeleka nyuma ya pazia nikijivuna.

Veronika alichovya kidole, akakiinua. Lituma ikadondoka.

"Hii iko uji ya mutoto," akasema.

Lile neno, mutoto, lilipotoka tulilisikia wote wawili. Hakuna aliyelisema nyumbani mle tangu maziko. Nilikuwa nimepiga magoti na bakuli mkononi. Sikuwa nimelia. Nilidhani kazi yangu ni kutolia. Yeye ndiye aliyelichukua bakuli, akaliweka chini, na tukalia pamoja hadharani, maana pazia halizuii sauti, na majirani walikuwa bado kwenye mafiga yetu wakisubiri kuona nitaharibu nini tena. Waliondoka mmoja mmoja. Mmoja wao alitutilia kuni kwenye moto kabla ya kwenda.

Baadaye Veronika alijipangusa uso. "Itwange ingali moto," akasema. "Usiweke mayi wala maziwa. Vidole vitaungua, acha viungue. Ikipoa inakuwa na kichwa ngumu." Na akalifungua pazia lote, akalifunga kwa uzi pembeni, ili aweze kuniona. Nilimuuliza kama ataonja. Akasema hana njala.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, mzee akafika. Alikuwa mrefu, mkavu, kofia yake ya majani kaishika kifuani. Alimsalimu binti yake, akamshika kifundo cha mkono kama mtu anayepima unene wa fimbo, akakiachia. Alitoka akakaa barazani na hakuniambia kitu. Papa Saidi alikuja kukaa naye, kwa kuwa wazazi wangu walikuwa mbali, Maniema, na mkwe hasimami peke yake mbele ya bokilo. Jogoo nilikuwa nimemnunua mimi. Papa Saidi alimchinja kwa dua, kisha akaniachia.

Sombe ilitoka nyeusi inavyotakiwa. Lituma niliitwanga ya moto, na ngozi ya vidole ilibaki humo. Veronika alikuwa akinielekeza kutoka kitandani kwa kidevu, hata hakuhitaji maneno. Lakini Veronika hakuniona nikimkata jogoo. Kuku nilimjua, nani anifundishe kuku? Mikono yangu ilikuwa kazini kwangu na mawazo yangu yalikuwa barazani. Nikamaliza, nikapakua, nikapeleka bakuli kwa heshima na kurudi nyuma mlangoni, maana mkwe hali na bokilo sahani moja.

Mzee alifunua. Akakoroga kwa kijiko polepole. Akakoroga tena.

"Kichwa iko wapi?" akauliza.

Nikageuka kutazama taka nilizotupa.

"Na miguu?"

Nilimwona Papa Saidi akiinama juu ya bakuli. Midomo yake ikaanza kusogea, na nadhani ilikuwa Alhamdu, ingawa hapakuwa na keki.

"Na firigisi?"

Kila mtoto wa kwetu anajua. Kuku wa bokilo hufika mzima, kichwa na miguu, ili aone hakuna kilichofichwa. Na firigisi ni yake, hakuna anayeigusa, na mwanamke haili kabisa. Nilijua hilo kabla ya kujua kusoma. Na nilikuwa nimeikatakata.

"Iko mu sauce, Papa," nikasema. "Nimeikata."

"Umeikata."

"Kidogo-kidogo."

Akaweka kijiko chini. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Mutu akininyima firigisi, ameniambia weye si mukubwa hapa. Nitakasirika, nitaenda. Lakini weye haukuninyima. Umenikatakata." Akamgeukia Papa Saidi. "Mukubwa mwenzangu, sikukuja kukula. Balisema bokilo yangu analisha watu, na mutoto yangu anakauka. Nikasema nitaenda kuangalia na macho. Bon. Nimeangalia." Kisha akaita ndani: "Veronika! Funga vitu yako."

Kila kitu mzee alichosema kilionekana kuwa kweli.

Ndipo nikasikia kitanda kikilia. Veronika alitoka akishika ukuta. Hakuwa ametembea mpaka barazani kwa wiki nyingi. Hakubeba kitu. Alipita mbele yangu, akakaa kwenye mkeka, mbele ya baba yake, jambo ambalo binti hafanyi, akalivuta bakuli. Akamega lituma. Akaichovya kwenye mchuzi mpaka chini.

"Veronika," baba yake akasema. "Firigisi iko mule."

"Nimesikia, Papa."

"Banamuke habakuli firigisi."

"Niko na njala," akasema.

Akala. Nilifunga macho na kuweka sikio, kama nilivyofundishwa, na nikamsikia akitafuna. Katika maisha yangu yote ya kazi sijasikia sauti ya chakula iliyo nzuri kama ile.

Alimeza, akamega tena. "Alinipikia, Papa," akasema bila kuinua uso. "Mwanaume, inje, watu bote banamucheka. Siku ya kwanza aliharibu. Siku ya pili aliharibu. Leo ameharibu tena. Lakini anarudiaka."

Mzee alimwangalia anavyokula. Alimwangalia muda mrefu, kofia ikizunguka mikononi mwake, na mara moja aliiinua akajipangusa nayo macho kama mtu mwenye jasho. Kisha akakohoa.

"Mukubwa," akamwambia Papa Saidi, "sasa mumeniletea shida. Mwanamuke mwenye kukula firigisi ya baba yake, nitamurudisha kwa mama yake na uso gani? Ataniuliza. Nitajibu nini?"

Papa Saidi alielewa kabla yangu. Alikuwa mtu wa sikio. "Haiwezekani," akasema kwa huzuni kubwa. "Ni aibu."

"Abaki hapa hapa. Bokilo abebe muzigo yake." Halafu akanigeukia, mara ya kwanza siku hiyo. "Na weye, leta lituma ingine. Hii anaimaliza."

Jumatatu asubuhi lori lilirudi na mtu mmoja mbele. Kwenye nafasi ya pili nilimwekea gunia la chumvi na sabuni kwa ajili ya mama mkwe, naye aliegemea juu yake kama ni mtu.

Alikuja tena mara nyingi, watoto wetu walipozaliwa na hata bila sababu. Firigisi nilimpa kwenye kisahani chake, peke yake, nzima. Kila mara aliikata katikati, na nusu moja ikasukumwa kwa binti yake huku yeye akitazama barabarani, kana kwamba kisu kimeteleza. Alipofariki, Veronika aliniambia kwamba kitu alichokikumbuka zaidi ni ile nusu.

Sasa mnajua kwa nini, miaka yote ile kwenye nyumba ya wageni tulikofanya kazi pamoja, nilimfokea kila aliyetupa kichwa cha kuku kabla ya kuuliza nani anakula. Nilisikia mlivyokuwa mkiniita nyuma ya mlango wa ghala. Papa Firigisi. Si jina baya. Mapishi ya kitabu nilimfundisha kila aliyetaka, lakini jikoni anapikiwa mtu fulani siku zote, na mtu huyo ana nyumba aliyotoka. Mkiharibu, ulizeni aliyelala nyuma ya pazia, yeye anajua. Kisha rudieni.

Jumapili iliyopita Veronika alinipikia jogoo kwa ajili ya kustaafu kwangu. Alinifukuza jikoni, akanikalisha kwenye kiti chenu, akaniwekea bakuli na kifuniko chake kama bokilo. Nilifunua. Kichwa kilikuwepo. Miguu ilikuwepo, yote miwili. Nikakoroga polepole, nikakoroga tena.

"Veronika," nikaita. "Firigisi iko wapi?"

Nikaweka sikio. Alikuwa anatafuna.